Anna May Wong

Anna May Wong (jina la kuzaliwa: Wong Liu Tsong, 3 Januari 1905 – 3 Februari 1961) alikuwa mwigizaji wa filamu, jukwaa na televisheni kutoka nchini Marekani. Anahesabiwa kuwa Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya China kuwa nyota wa sinema ya Hollywood. Alianza kazi wakati wa filamu bubu, akavuka salama kuingia katika filamu za sauti, na mwaka 1951 akawa mtu wa kwanza mwenye asili ya Asia kuongoza mfululizo wa televisheni nchini Marekani.

Sifa zake zilifika Berlin, London, Paris na Shanghai, lakini katika nchi yake ya kuzaliwa alinyimwa mara nyingi nafasi ya mhusika mkuu. Nafasi za Wachina wema zilipewa waigizaji Wazungu waliopakwa vipodozi, naye akabaki kuigiza watumwa, wadanganyifu na wanawake wanaokufa kabla filamu haijaisha. Kwa sababu hiyo maisha yake husomwa leo kama sehemu ya historia ya sinema na pia ya historia ya ubaguzi wa rangi nchini Marekani.

Jina

Kwa desturi ya Kichina jina la ukoo hutangulia. Wong ni jina la ukoo, na maana yake ni "manjano". Liu Tsong humaanisha "mwerebi wenye sakitu", yaani mti uliofunikwa na barafu nyembamba ya alfajiri. Jina la Anna May alipewa kama jina la Kiingereza. Akiwa bado mtoto wa shule aliyaunganisha majina hayo kuwa Anna May Wong, akalitumia kama jina lake la kazi hadi mwisho wa maisha yake.

Maisha ya awali

Wong alizaliwa mjini Los Angeles, katika jimbo la California, karibu na mtaa wa Wachina. Alikuwa mtoto wa pili wa Wong Sam Sing na mke wake Lee Gon Toy. Baba yake alikuwa na duka la dobi, na watoto walisaidia kazi za nyumbani na za dukani, pamoja na kupeleka nguo kwa wateja. Asili ya ukoo ilikuwa wilaya ya Taishan, mkoa wa Guangdong, kusini mwa China, lakini baba mwenyewe alikuwa amezaliwa California. Kwa hiyo Anna May hakuwa mhamiaji wala mtoto wa wahamiaji.

Hata hivyo sheria za wakati ule hazikuwatazama watu wa asili yake kama raia wengine. Mwaka 1882 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini, na Wachina waliozaliwa nje hawakuruhusiwa kupata uraia. Mwaka 1898 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mtoto wa Wachina aliyezaliwa ndani ya nchi ni raia. Lakini raia huyo, kila alipotaka kusafiri nje, alipaswa kuomba kwanza kibali cha kurudi na kuhojiwa na maofisa wa uhamiaji. Wong alijaza fomu hizo hata baada ya kuwa nyota anayejulikana duniani. Sheria ya mwaka 1882 ilifutwa mwaka 1943, alipokuwa na umri wa miaka 38.

Mwaka 1910 familia ilihamia barabara ya Figueroa, ambako majirani wengi walikuwa Wameksiko na watu kutoka Ulaya ya Mashariki. Anna May na dada yake Lulu waliandikishwa katika shule ya serikali, lakini wanafunzi wenzao waliwatukana na kuwavuta nywele kwa sababu ya asili yao. Wazazi wakawahamishia katika shule ya misheni ya Wapresbiteri iliyowahudumia watoto wa Kichina. Jioni na siku za Jumamosi walisoma pia lugha ya Kichina.

Miaka hiyohiyo kampuni za filamu zilikuwa zinahama kutoka New York kuja California kufuata jua na ardhi ya bei nafuu. Baadhi ya picha zilipigwa katika mitaa ya Los Angeles, na Anna May alikuwa akisimama kando kwa saa nyingi kuwatazama wapiga picha na waigizaji. Alitumia fedha zake ndogo kuingia katika majumba ya sinema ya senti tano, wakati mwingine akitoroka shule. Akirudi nyumbani alijifunza mbele ya kioo kulia, kucheka na kushangaa kama alivyoona kwenye filamu. Baba yake hakupendezwa, kwa kuwa uigizaji haukuwa kazi ya heshima kwa binti wa Kichina.

Mwanzo wa kazi

Mwaka 1919 kampuni ya Metro ilihitaji wasichana wengi wa Kichina kujaza picha za filamu The Red Lantern, ambayo nyota wake alikuwa Alla Nazimova. Wong, akiwa na umri wa miaka 14, alikuwa mmoja wa mamia ya wasichana waliobeba taa. Jina lake halikuandikwa popote katika filamu hiyo. Baba yake alikubali aendelee kwa sharti kwamba mtu mzima aandamane naye kila anapokwenda studio.

Mwaka 1921 aliacha shule ya sekondari ili afanye kazi ya filamu wakati wote. Mwaka huohuo aliigiza katika Bits of Life kama mke wa mhusika aliyeigizwa na Lon Chaney, na safari hii jina lake liliandikwa kati ya waigizaji.

The Toll of the Sea

Nafasi yake ya kwanza ya mhusika mkuu ilikuja mwaka 1922 katika filamu The Toll of the Sea, iliyoongozwa na Chester Franklin na kuandikwa na Frances Marion. Wong alikuwa na umri wa miaka 17. Aliigiza Lotus Flower, msichana wa Kichina anayemwokoa Mmarekani aliyetupwa ufukoni na bahari. Mmarekani huyo anamwoa kwa desturi ya Kichina, anaahidi kumchukua, kisha anaondoka peke yake na kurudi akiwa na mke Mzungu. Lotus Flower anawakabidhi mtoto wake ili alelewe Marekani, halafu anajitosa baharini. Hadithi ilifuata mfano wa opera maarufu Madama Butterfly, ila mahali pa Japani paliwekwa China.

Filamu hii ina nafasi ya pekee katika historia ya ufundi. Ilikuwa ya pili kupigwa kwa mtindo wa rangi wa Technicolor, na ya kwanza ya mtindo huo ambayo haikuhitaji mashine maalumu ya kuionyesha. Wakati ule mtindo huo ulitumia rangi mbili tu, nyekundu na kijani. Wahakiki walimsifu Wong kwa kutozidisha maigizo: huzuni yake ilionekana usoni na machozi yalitoka bila mikono kurushwa hewani kama ilivyokuwa kawaida kwa waigizaji wengi.

Kwa miaka mingi filamu hiyo ilidhaniwa imepotea. Baadaye hasi yake ya asili ilipatikana ikiwa imepungukiwa na sehemu ya mwisho. Hifadhi ya filamu ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), iliitengeneza upya mwaka 1985. Mwisho uliopotea ulijazwa kwa picha za bahari zilizopigwa kwa kamera ya zamani ya rangi mbili.

The Thief of Bagdad

Baada ya mafanikio hayo studio hazikumpa nafasi nyingine kama ile. Aliyemfikiria alikuwa Douglas Fairbanks, mmoja wa nyota wakubwa wa wakati huo, ambaye mwaka 1924 alitoa filamu The Thief of Bagdad chini ya uongozaji wa Raoul Walsh. Hadithi ilichotwa kutoka katika Alfu Lela Ulela, masimulizi ambayo wasomaji wa Kiswahili wanayafahamu. Wong aliigiza kijakazi wa Kimongolia katika jumba la binti mfalme, anayefanya ujasusi kwa ajili ya mtawala wa Wamongolia. Nafasi ilikuwa fupi, lakini filamu ilisambaa dunia nzima na kulifanya jina lake lijulikane.

Mwaka huohuo aliigiza Tiger Lily, binti wa chifu, katika filamu Peter Pan. Alijaribu pia kuanzisha kampuni yake mwenyewe ili atengeneze filamu za hadithi za Kichina. Mshirika wake hakuwa mwaminifu, na kampuni ikavunjwa kabla ya kutoa filamu yoyote.

Vikwazo katika Hollywood

Ili kuelewa kazi ya Wong ni lazima kujua mambo mawili yaliyomfungia njia.

La kwanza ni desturi ya kuwapa Wazungu nafasi za Waasia. Mwigizaji Mzungu alipakwa rangi na macho yake yakabandikwa ili yaonekane membamba. Katika filamu Mr. Wu ya mwaka 1927, Lon Chaney aliigiza Mchina tajiri, na binti yake akaigizwa na Renée Adorée, mzaliwa wa Ufaransa. Wong, Mchina wa kweli, alipewa nafasi ya rafiki wa binti huyo. Mwaka 1928 jambo hilo lilijirudia katika The Crimson City: Myrna Loy alikuwa msichana wa Kichina aliye mhusika mkuu, na Wong akawa msaidizi.

La pili ni katazo la ndoa na mapenzi kati ya watu wa rangi tofauti. Sheria ya California ilikataza Mzungu kumwoa Mchina, na katazo hilo liliondolewa na mahakama ya jimbo mwaka 1948 tu. Studio nazo zilijiwekea masharti, ambayo mwaka 1930 yaliandikwa rasmi na kujulikana kama Kanuni ya Hays, na kuanzia 1934 yakasimamiwa kwa ukali. Kanuni iliyapiga marufuku mapenzi kati ya Weupe na Weusi, lakini studio ziliitumia pia dhidi ya Waasia. Mwigizaji asiyeruhusiwa kumbusu mwanamume wa hadithi hawezi kuwa mpenzi wake, na asipokuwa mpenzi wake hawezi kuwa nyota wa filamu ya mapenzi. Kwa kuwa wanaume wakuu karibu wote waliigizwa na Wazungu, hata walipokuwa "Wachina" katika hadithi, mlango ulibaki umefungwa.

Ndiyo maana wahusika wa Wong walikufa mara nyingi. Mwandishi wa hadithi aliyempa mapenzi na Mzungu alihitaji njia ya kuyamaliza, na njia rahisi ilikuwa kifo chake.

Ulaya

Mwaka 1928 Wong aliondoka Marekani kwenda Ujerumani kwa mwaliko wa mwongozaji Richard Eichberg. Filamu bubu ilikuwa bidhaa rahisi kuuza nje: ilitosha kubadilisha maandishi yaliyoonyeshwa kati ya picha, na hakuna mtazamaji aliyejua mwigizaji anazungumza lugha gani. Kwa hiyo watu wa Berlin walikuwa tayari wanamfahamu. Filamu yake ya kwanza huko, iliyoitwa Song kwa jina la mhusika wake, ilipokewa vizuri sana. Mwandishi na mwanafalsafa Walter Benjamin alimhoji, na mpiga picha Alfred Eisenstaedt alimpiga picha katika tafrija akiwa pamoja na Marlene Dietrich na Leni Riefenstahl, picha ambayo imechapishwa mara nyingi tangu wakati huo.

Filamu inayotajwa zaidi kati ya kazi zake za Ulaya ni Piccadilly (1929), iliyopigwa Uingereza na kuongozwa na E. A. Dupont kwa hadithi ya mwandishi Arnold Bennett. Wong ni Shosho, mwosha vyombo katika klabu ya usiku mjini London. Mwenye klabu anamkuta amepanda juu ya meza jikoni akiwachezea wenzake, na kuosha kumesimama. Kwanza anamfukuza, kisha anamrudisha kama mcheza dansi, na Shosho anampiku nyota wa zamani wa klabu, aliyeigizwa na Gilda Gray. Gray ndiye aliyetangazwa kama nyota wa filamu, lakini wengi walioiona walimkumbuka zaidi Wong. Pamoja na hayo Shosho naye anauawa kabla ya mwisho.

Mwaka 1929 pia alipanda jukwaani London katika tamthilia The Circle of Chalk, pamoja na kijana Laurence Olivier. Wahakiki waliusifu uzuri wake lakini wakailaumu lafudhi yake ya Kimarekani. Wong alitafuta mwalimu wa matamshi, akajifunza Kiingereza cha Uingereza. Alijifunza pia Kijerumani na Kifaransa. Filamu yake ya kwanza ya sauti, The Flame of Love (1930), ilipigwa mara tatu, kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa, na yeye mwenyewe alizungumza katika zote tatu. Waigizaji wengi wa filamu bubu walipoteza kazi sauti ilipokuja. Yeye alirudi nyumbani akiwa na lugha mbili zaidi.

Kurudi Marekani na filamu za sauti

Mwaka 1930 aliigiza katika tamthilia On the Spot ya Edgar Wallace kwenye jukwaa la Broadway, New York. Mwezi Novemba mwaka huo mama yake aligongwa na gari mbele ya nyumba yao huko Los Angeles na kufariki.

Kampuni ya Paramount ilimpa mkataba na kumwahidi nafasi kubwa. Ya kwanza ilikuwa Daughter of the Dragon (1931), ambamo alikuwa binti wa Fu Manchu, Mchina mwovu wa hadithi za kubuni. Wong alikuwa mhusika mkuu na alilipwa dola 6,000. Mjapani Sessue Hayakawa alilipwa dola 10,000, na Warner Oland, mzaliwa wa Sweden aliyeigiza Fu Manchu na kuonekana kwa muda mfupi, alilipwa dola 12,000.

Mwaka 1932 aliigiza Hui Fei katika Shanghai Express ya mwongozaji Josef von Sternberg, pamoja na Marlene Dietrich. Wote wawili ni wanawake wenye sifa mbaya wanaosafiri kwa treni wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini China. Hui Fei anatendewa ukatili na kiongozi wa waasi, na ndiye anayemuua na kuwaokoa abiria wote. Anazungumza maneno machache, anacheza karata, na kila anapokaa kimya mtazamaji humtazama yeye: mafunzo ya filamu bubu yalikuwa hayajapotea. Filamu hii ni kati ya zilizompatia sifa kubwa zaidi.

Hata hivyo, mwaka huohuo kampuni ya MGM ilimnyima nafasi ya msichana wa Kichina katika The Son-Daughter na kumpa Helen Hayes. Wong alirudi Uingereza. Mwaka 1933, akihojiwa na gazeti la Film Weekly la huko, alieleza waziwazi kwamba amechoka na nafasi alizopewa, na akauliza kwa nini Mchina wa kwenye sinema awe mwovu na mkatili kila mara. Katika Chu Chin Chow (1934), iliyotokana na hadithi ya Ali Baba na wezi arobaini, aliigiza kijakazi Zahrat. Katika Java Head (1934) alikuwa mke wa nahodha Mwingereza, na hiyo ndiyo filamu pekee ambamo alionekana akimbusu mwanamume mkuu wa hadithi.

The Good Earth

Mwaka 1931 mwandishi Pearl S. Buck, Mmarekani aliyelelewa China, alitoa riwaya The Good Earth kuhusu mkulima maskini Wang Lung na mkewe O-Lan. Kitabu kilisomwa na watu wengi mno, na MGM ikanunua haki ya kukitengenezea filamu. Kwa mara ya kwanza kampuni kubwa ya Hollywood ilikuwa inatengeneza filamu ya gharama kubwa ambayo wahusika wake wakuu ni Wachina wema, watu wa shamba na familia. Wong alitamani kuwa O-Lan, na magazeti kadhaa yalimtaja kuwa ndiye anayefaa.

Nafasi ya Wang Lung alipewa Paul Muni, ambaye ni Mzungu. Mara hiyo ikawa vigumu kwa Mchina kuwa mke wake mbele ya kamera. O-Lan akapewa Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani. Wong alifikiriwa kwa nafasi ya Lotus, mwimbaji wa nyumba ya starehe anayeivuruga familia ya Wang Lung. Alikataa. Kwa maelezo yake, haikuwa haki kumwomba yeye, mwenye damu ya Kichina, achukue nafasi pekee ya mtu asiyependeka ilhali Wachina wema wanaigizwa na watu wengine.

Filamu ilitoka mwaka 1937 na Rainer akapata Tuzo ya Akademi ya mwigizaji bora wa kike. Mary, mdogo wake Anna May, alionekana humo katika nafasi ndogo. Wanahistoria wengi wa sinema huuhesabu uamuzi huo wa MGM kuwa mmoja wa mifano ya wazi kabisa ya ubaguzi katika ugawaji wa nafasi za filamu.

Safari ya China

Badala ya kusubiri, Januari 1936 Wong alipanda meli kwenda China, nchi ambayo hakuwahi kuiona. Baba yake na baadhi ya ndugu zake walikuwa wamehamia Taishan mwaka 1934. Alitembelea Shanghai, Nanjing, Beijing na kijiji cha ukoo wake, akaandika makala kwa ajili ya magazeti ya Marekani na kupiga filamu ya safari hiyo.

Mapokezi yalikuwa ya namna mbili. Watu wengi walijaa bandarini kumwona. Lakini maofisa wa serikali na baadhi ya magazeti walimlaumu kwamba filamu zake zimelidhalilisha taifa la China. Wong alijibu kwamba mwigizaji anayeanza hana uwezo wa kuchagua nafasi, na kwamba angekataa zingechukuliwa na watu wasioijua China kabisa. Hivyo Marekani alihesabiwa kuwa Mchina mno, na China akaonekana kuwa Mmarekani mno. Huko alilazimika pia kujifunza Kichina cha kaskazini, kwa kuwa nyumbani kwao walizungumza lahaja ya Taishan.

Miaka ya vita

Aliporudi, Paramount ilimpa nafasi za heshima zaidi katika filamu za bajeti ndogo. Katika Daughter of Shanghai (1937) yeye na Philip Ahn, Mmarekani mwenye asili ya Korea, ndio mashujaa wa hadithi. Wanalivunja genge linaloingiza wahamiaji kwa magendo, na mwishoni wanaahidiana ndoa, tena wote wakiwa hai. Mwaka 2006 filamu hiyo iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Katika King of Chinatown (1939) aliigiza daktari wa upasuaji.

Japani ilipoivamia China mwaka 1937, Wong alianza kuchangisha fedha za misaada na kuuza kwa mnada baadhi ya nguo zake maarufu. Mwaka 1942 aliigiza katika Bombs over Burma na Lady from Chungking, filamu mbili za kuunga mkono mapambano ya China, na malipo yake akayatoa kwa ajili ya misaada hiyo.

Televisheni na miaka ya mwisho

Baada ya vita nafasi zilipungua. Wong aliishi Santa Monica na kaka yake mdogo Richard, akijipatia kipato pia kwa nyumba za kupangisha. Mwaka 1951 kituo cha televisheni cha DuMont kilirusha The Gallery of Madame Liu-Tsong, mfululizo ulioandikwa kwa ajili yake na kubeba jina lake la kuzaliwa. Aliigiza mwenye duka la sanaa ambaye pia ni mpelelezi. Mfululizo ulidumu miezi michache tu, na hakuna kipindi chake hata kimoja kinachojulikana kuwapo leo.

Afya yake ilidhoofika kutokana na ugonjwa wa ini. Mwaka 1960 alirudi kwenye sinema katika Portrait in Black, na mwaka huohuo akapewa nyota katika barabara ya umaarufu ya Hollywood. Alikuwa amepangiwa kuigiza katika Flower Drum Song, filamu ya muziki kuhusu Wachina wa San Francisco ambayo waigizaji wake wengi walikuwa na asili ya Asia, lakini hakuwahi kuanza. Alifariki usingizini nyumbani kwake tarehe 3 Februari 1961 kwa mshtuko wa moyo, akiwa na umri wa miaka 56. Nafasi aliyoiacha alipewa Juanita Hall, ambaye hakuwa na asili ya Asia.

Wong hakuolewa wala kupata watoto. Alizikwa katika makaburi ya Angelus-Rosedale, Los Angeles, pamoja na mama yake.

Urithi

Kwa muda mrefu baada ya kifo chake alikumbukwa kidogo. Baadhi ya Wamarekani wenye asili ya Asia waliona aibu kwa nafasi alizoigiza, na filamu zake bubu hazikuonyeshwa. Hali ilibadilika filamu kama The Toll of the Sea na Piccadilly zilipofanyiwa ukarabati, na vitabu vya maisha yake vilipoanza kuchapishwa. Watazamaji wapya waliweza kutenganisha nafasi aliyopewa na kazi aliyoifanya ndani yake.

Oktoba 2022 serikali ya Marekani ilitoa sarafu ya senti 25 yenye sura yake, amekiegemeza kidevu mkononi, akizungukwa na taa za jumba la sinema. Ilikuwa katika mpango wa kuwaenzi wanawake wa Marekani, ambao mwaka huo ulianza na mshairi Maya Angelou. Wong ni mtu wa kwanza mwenye asili ya Asia kuwekwa kwenye fedha ya nchi hiyo, nchi ambayo zamani ilimtaka aombe kibali cha kurudi kwao kila aliposafiri.

Baadhi ya filamu zake

Filamu bubu
1919 – The Red Lantern
1921 – Bits of Life
1922 – The Toll of the Sea
1924 – The Thief of Bagdad
1924 – Peter Pan
1927 – Mr. Wu
1927 – Old San Francisco
1928 – The Crimson City
1928 – Song
1929 – Piccadilly

Filamu za sauti
1930 – The Flame of Love
1931 – Daughter of the Dragon
1932 – Shanghai Express
1934 – Chu Chin Chow
1934 – Java Head
1937 – Daughter of Shanghai
1939 – King of Chinatown
1942 – Bombs over Burma
1942 – Lady from Chungking
1960 – Portrait in Black